Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: orodha ya TAMISEMI ni moja, kwa nini ada walipe wa vyuo vya kati peke yao?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Nakala: Waziri wa Afya, Waziri wa Fedha, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Bodi ya Mikopo (HESLB), NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya kati).

YAH: ADA NA MIKOPO KWENYE VYUO VYA KATI VYA SERIKALI

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi, naishi Nzega mkoani Tabora, kazi yangu ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na za vyuo, na kwa kazi hii fomu za kujiunga zinapita mikononi mwangu nyingi kweli kweli, maana mtoto akishachaguliwa anakuja na fomu yake nione rangi ya kitambaa, urefu wa gauni, kola iweje, mifuko mingapi. Ukurasa wa sare ndio unaonihusu lakini siishii hapo, nasoma mpaka ukurasa wa malipo, na huo ukurasa wa malipo ndio umenifanya niandike barua hii.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza na chuo anachosoma binti yangu, wakaniambia viwango vya ada hawapangi wao. Nikaenda ofisi moja ya serikali, wakanisikiliza vizuri tu, wakasema niandike barua, nikaandika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kopi ninayo. Nikawa napiga simu kufuatilia mpaka dada wa mapokezi akawa ananijua kwa sauti. Majibu hakuna mpaka leo. Kwa hiyo usione nimekukosea adabu Mheshimiwa, nimepiga hodi kote nilikoelekezwa na hakuna aliyeitikia.

Naomba niseme yanayotusumbua moja baada ya jingine.

1. Orodha ni moja ila mzigo sio mmoja

Kila mwaka TAMISEMI inatangaza majina ya vijana waliomaliza kidato cha nne wakachaguliwa kwenda kidato cha tano na vyuo vya kati. Tangazo ni moja, linatoka siku moja. Hawa watoto wamefanya mtihani mmoja wa NECTA, wamejaza Selform ileile (fomu ya kuchagua shule na vyuo), na serikali ileile ndiyo imekaa ikaamua huyu aende huku na huyu aende kule. Mzazi hakumpeleka mtoto chuo cha anasa kwa kutaka sifa, amepangiwa na serikali kwenye chuo cha serikali.

Nyumbani kwangu walitoka wawili kwenye orodha moja, binti yangu na mtoto wa marehemu dada yangu ninayemlea. Kijana akapangiwa kidato cha tano shule ya bweni, binti akapangiwa uuguzi. Siku hiyo majirani walijaa uani, watu wakanipa hongera mbili kwa mpigo, nikachinja na kuku. Kesho yake nikaenda steshenari kuprinti fomu zote mbili na hapo ndipo furaha ikaanza kupungua. Ya kijana inasema ada hakuna. Kuna godoro, shuka, madaftari, michango midogo midogo, sisemi ni bure kabisa, lakini ada hakuna. Ya binti inataka zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na kozi ni miaka mitatu, NTA level 4 mpaka 6, yaani kuanzia cheti mpaka stashahada.

Sasa Mheshimiwa hebu tuangalie ilivyokwenda. Kuanzia Januari 2016 serikali ikaondoa ada mpaka kidato cha nne, tukashukuru. Mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na sita, tukashukuru tena. Lakini ada ya bweni iliyoondolewa pale ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka! Elfu sabini mzazi anahangaika, anauza debe mbili tatu za mpunga, anapata. Milioni moja na zaidi kwa mwaka ndiyo imebaki, na ndiyo inayomrudisha mtoto nyumbani. Yaani tumemwondolea mzazi mzigo aliokuwa anaweza kujikongoja nao, ule asiouweza tumemwachia kichwani.

Na ukiangalia nani anaenda wapi inauma zaidi. Watoto wengi wanaochagua chuo cha kati huku kwetu wanachagua kwa sababu nyumbani hakuna uwezo wa kusubiri. Form five na six miaka miwili, halafu chuo kikuu miaka mitatu au minne, ni safari ndefu kwa mtoto ambaye mama yake anauza karanga stendi. Anasema bora nisome miaka mitatu niwe muuguzi, niwe tabibu, niwe fundi sanifu, niwalee wadogo zangu. Huyo ndiye tunamwambia alipe milioni.

2. Vyuo vitatu vimefutiwa ada, vingine je?

Hapa natoa pongezi kwanza maana haki ya mtu mpe. Kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2023 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alipendekeza bungeni kufuta ada kwa wanafunzi wanaojiunga na elimu ya ufundi vyuo vya kati vya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na Chuo cha Ufundi Arusha. Ilikuwa hatua nzuri sana, na mimi niliposikia redioni niliacha cherehani nikasikiliza vizuri nikidhani vinavyofuata ni vyuo vya afya, vya kilimo na mifugo, vya ualimu, vya maendeleo ya jamii. Havikufuata.

Ninachouliza ni kigezo gani kilitumika. Kama hoja ni kwamba hawa watoto wamepangiwa na serikali kama wenzao wa kidato cha tano kwa hiyo wasitofautishwe, basi hoja hiyo inamhusu na mwanafunzi wa uuguzi, na wa mifugo, na wa ualimu wa awali, maana nao wametoka kwenye orodha hiyohiyo. Kama hoja ni kwamba taifa linahitaji mafundi, sawa kabisa, lakini manesi hatuwahitaji? Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na upungufu wa watumishi wa afya mnausema wenyewe viongozi kwenye hotuba zenu kila mwaka. Kadi ya bima haichomi sindano. Zahanati za huku vijijini kuna siku unakuta muuguzi mmoja anapokea wajawazito, anachoma chanjo, anagawa dawa, anaandika rejista, na foleni imefika nje kwenye mwembe.

Sisemi DIT, MUST na Arusha warudishiwe ada, hapana, msije mkanielewa vibaya. Nasema kama mlango umefunguliwa basi ufunguliwe wote.

3. Vitu vya nje ya ada vinavyozidi kuongezeka

Hii naijua kuliko watu wengi kwa sababu ya kazi yangu kwa hiyo naomba uvumilivu nieleze kwa urefu.

Fomu ya kujiunga ya chuo cha afya ukiisoma mstari kwa mstari utakuta baada ya ada inafuata bima ya afya 50,400 kwa asiye nayo, NACTVET 15,000, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari, hela ya mitihani, hela ya field, malazi kama hosteli zipo, na kama hazipo ujue unapanga mtaani na kula unajitegemea. Hiyo ni ya kulipa benki kwa kontroo namba. Halafu kuna ukurasa wa vitu vya kuja navyo: rimu za karatasi A4, boksi la glavu, mashine ya kupimia presha, stetoskopu, kipimajoto, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, buti za mvua, ndoo, fagio, viatu vyeusi visivyopiga kelele wodini. Sare mbili za darasani, mbili za wodini, sweta, koti jeupe.

Tuzungumze sare peke yake maana hapo ndio kwangu. Unakuta chuo kimetaka kitambaa cha rangi fulani ambayo Nzega haipo, Tabora haipo, mpaka mtu aagize Mwanza au Dar, na mwaka unaofuata wanabadilisha rangi kidogo tu, mdogo mtu hawezi kuvaa ya dada yake. Vyuo viwili vya serikali vinavyofundisha kozi ileile, mtihani uleule, kimoja kinataka gauni la bluu ya bahari na kingine bluu ya anga. Kuna faida gani ya kitaaluma hapo? Mimi kama fundi ningenyamaza maana napata kazi, lakini nikiwa nimemshika mtoto begani nampima na mama yake kakaa kwenye benchi anahesabu noti za elfu mbilimbili mara anazirudia tena, moyo unaniuma. Na kuna gauni nimezishona zimekaa tu dukani, wenyewe waliweka oda wakatoa advansi kidogo kisha hawakuripoti chuo. Ukimuuliza mzazi anakwambia tumeahirisha, mwakani. Wengine mwakani haikufika, nawaona sokoni, mmoja ana mtoto mgongoni sasa.

Na rimu za karatasi na glavu, Mheshimiwa, hizo ni za kuendeshea chuo. Chuo kikiwa na bajeti ya kueleweka hakihitaji kumwambia mtoto wa mkulima aje na karatasi za kuchapia mtihani atakaoufanya yeye mwenyewe. Wakuu wa vyuo siwalaumu sana, naamini wanajazia pengo la ruzuku ndogo, lakini pengo hilo linajazwa na watu wasio na kitu.

4. Mikopo ipo, ila haitufikii

Najua nitajibiwa mikopo ya stashahada ipo. Ni kweli, imeanza mwaka wa masomo 2023/24, na tulifurahi maana HESLB ilianza kazi 2005 na miaka yote hiyo, karibu miaka 18, mtoto wa diploma kwa sehemu kubwa alikuwa hahesabiki. Mwaka ule wa kwanza zilitengwa shilingi bilioni 48. Ni hela nyingi kwa macho yangu mimi, lakini mwaka huohuo bajeti ya mikopo ya vyuo vikuu ilizidi bilioni 700. Sisemi wa chuo kikuu wapunguziwe bumu (hela ya mkopo), na wao wana shida zao, ila nataka uone sehemu tuliyopewa ilivyo ndogo.

Tatizo la kwanza ni orodha ya kozi za kipaumbele. Kama kozi uliyopangiwa haimo, huna pa kuomba, hata uwe yatima wa baba na mama, hata uwe na barua ya mtendaji wa kijiji na ya TASAF, mfuko wa kusaidia kaya masikini. Umasikini wa mtoto haujali kozi. Serikali imempangia yenyewe kozi, halafu serikali hiyohiyo inamwambia kozi hii hatukopeshi, sasa afanyeje?

Tatizo la pili ni muda. Mwaka ule wa kwanza dirisha la kuomba lilifunguliwa Oktoba. Chuo kinataka angalau nusu ya ada siku ya kuripoti. Kwa hiyo anayeweza kuomba mkopo ni yule ambaye ameshapata hela ya kuripoti bila mkopo! Yule ambaye hana kabisa hafiki hata getini, hapati namba ya usajili, na bila usajili mkopo haumhusu. Mkopo unamsaidia aliyeshavuka, aliyeshindwa kuvuka anabaki ng'ambo.

La tatu ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, vyeti vya vifo vya wazazi vihakikiwe, mdhamini, NIDA, picha, maombi yote kwenye mtandao. Mtoto wa Bukene au Puge atoke kijijini aje mjini alipie internet cafe, alale kwa ndugu, mtandao ukatike, arudi kesho. Akikosea kitu kimoja jina linarudi halijakamilika na yeye ameshaondoka, simu ya nyumbani ni kiswaswadu haioni meseji za kwenye mfumo. Hapa hata mafunzo hayahitajiki, inahitajika mtu mmoja tu kila halmashauri wa kuwasaidia watoto wajaze.

Na tuseme wazi, kukopa hatukatai. Sheria inakata asilimia 15 ya mshahara kurejesha mkopo, sawa, wakate. Mtoto akishaajiriwa alipe na wadogo zake wakopeshwe. Tunachotaka ni kukopeshwa kwa wakati.

5. Kuzuiwa mtihani kwa sababu ya ada

Binti yangu alizuiwa. Chuo sitakitaja maana najua ni utaratibu wa vyuo vingi na mhasibu aliyemzuia alikuwa anafuata maelekezo. Nilikuwa nimeshalipa sehemu kubwa ya semista, ilibaki salio, mpunga ulikuwa bado mbugani na wateja wangu nao hawajalipa. Kadi ya mtihani hakupewa. Alinipigia saa moja asubuhi analia, mtihani saa tatu. Nikakimbia kwa mtu wa mikopo ya mtaani, ile ya riba ya asilimia 30 kwa mwezi mnayoikemea kila siku, nikaweka dhamana cherehani yangu ya overlock, nikalipa kwa simu, lakini malipo yakachelewa kuonekana kwenye mfumo. Mtihani ule hakufanya. Akaambiwa atafanya na wenye sapu, wanaorudia mtihani. Mtoto ambaye hajawahi kufeli somo anakaa chumba kimoja na waliofeli kwa sababu mama yake alichelewa kupata hela. Na hiyo overlock ilichukua muda mrefu kuikomboa, kipindi hicho chote nilikuwa nakata mabaki kwa mkasi na oda za maana zikaenda kwa mafundi wengine.

Deni ni la mzazi, Mheshimiwa. Mwacheni mtoto afanye mtihani, matokeo yashikilieni, cheti kishikilieni mpaka deni liishe, hapo mna uhakika wa kulipwa maana bila cheti na leseni haajiriwi. Lakini kumkatisha masomo katikati hakumlipi mtu yeyote, chuo kinakosa hela na taifa linakosa muuguzi.

6. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Hapa sitaongea sana. Vyuo hivi 54 vilianzishwa kuanzia 1975 enzi za Mwalimu kwa ajili ya watu wa kawaida kabisa, wasiokuwa na sekondari, wapate ufundi na maarifa. Leo wanaosoma humo wengi ni mabinti waliokatisha shule na vijana waliofeli. Hao ndio wa mwisho kabisa kuulizwa ada. Naomba na wao waingizwe kwenye hesabu kila mnapojadili elimu bila ada.

Majibu ninayoyajua tayari

Nimeshajibiwa haya kwa mdomo kwenye ofisi nilizopita kwa hiyo nayajibu hapahapa tusipotezeane muda.

"Fedha hakuna." Waajiri wanalipa tozo ya ujuzi, SDL, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Theluthi moja inaenda VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na theluthi mbili zinabaki Serikali Kuu. Ni kwa sababu ya mfuko wa namna hii VETA wanaweza kumtoza mwanafunzi 60,000 kwa mwaka akiwa wa kutwa na 120,000 akiwa bweni. Kumbe inawezekana! Mwanafunzi wa bweni VETA anasoma mwaka mzima kwa laki na ishirini, na mwenzake wa chuo cha afya, chuo cha serikali vilevile, analipa mara nane, mara tisa ya hiyo. Tozo inaitwa ya kuendeleza ujuzi na uuguzi ni ujuzi, umeme ni ujuzi, kutibu ng'ombe ni ujuzi. Chukueni sehemu ya zile theluthi mbili mzipeleke kwenye ada za vyuo vya kati, tena muiandike kwenye kitabu cha bajeti kila mtu aione.

"Basi aende VETA." Uuguzi haufundishwi VETA. Na mtoto hakuomba VETA, serikali imempima ikaona ufaulu wake unatosha chuo cha afya. Tukisema masikini wote waende kozi za bei rahisi tutakuwa tumeamua kwamba utabibu na uuguzi ni kazi za watoto wa wenye nacho.

"Tunajenga vyuo vipya." Tunaviona, VETA za wilaya 64 zinajengwa na ni jambo jema. Ila jengo halimlipii mtu ada. Mnajenga madarasa na wa kukaa humo yuko kwenye benchi la duka langu anahesabu noti.

"Mzazi lazima achangie." Tunachangia, hakuna anayekataa. Chakula, nauli, sare, vifaa, hela ya simu, vyote ni mzazi. Mzazi wa form five naye anachangia hivyohivyo. Tunachokataa ni kutofautishwa.

"Sera mpya inakuja na majibu." Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023 imezinduliwa, inazungumzia amali na ujuzi kila ukurasa, na mimi naikubali. Lakini kijana wa mkondo wa amali akimaliza kidato cha nne ataenda wapi kuendeleza huo ujuzi kama sio vyuo vya kati? Tukimfundisha amali bure miaka minne halafu tukamdai milioni mlangoni, atarudi kuendesha bodaboda na ile amali ataisahau.

Tunachoomba

Kwanza kabisa, na hili ndilo kubwa, kila mwanafunzi aliyepangwa na TAMISEMI kwenye chuo cha kati cha serikali asilipe ada, kama ambavyo mwenzake wa kidato cha tano halipi. Kama haiwezekani kwa mkupuo basi muanze na vyuo vya afya, kilimo, mifugo na ualimu, na mseme tarehe ya vingine. Kama hata hilo bado, ada ishushwe ifanane na ya VETA wakati mnajipanga.

Mikopo ifunguliwe kwa kozi zote za vyuo vya serikali kwa kuangalia hali ya mtoto, na dirisha lifunguliwe mara tu TAMISEMI wanapotoa majina, ili mtoto aripoti akiwa ameshajua. Na mwenye barua ya kupangiwa mkopo apokelewe chuoni bila kudaiwa nusu ya ada getini.

Hakuna kumzuia mwanafunzi mtihani kwa sababu ya ada katika chuo chochote cha serikali. Utoke waraka, wenye namba na tarehe, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila chuo, mzazi awe na kitu cha kuonyesha.

Fomu za kujiunga zikaguliwe na NACTVET. Karatasi, glavu na vifaa vya kufundishia vitoke, sare ziwe za aina moja kwa kozi moja nchi nzima. Na gharama zote za kila chuo, sio ada peke yake, ziwekwe wazi kabla watoto hawajajaza Selform, ili mtoto na mzazi wakae waamue wakijua wanaingia kwenye nini. Sasa hivi tunazijua tukishachaguliwa.

Mheshimiwa, binti yangu kwa sasa anaendelea, yuko mwaka wa pili, kwa hiyo sidai haya kwa ajili yake peke yake, hata yakipitishwa kesho huenda yeye atakuwa anamaliza. Nadai kwa ajili ya hawa wa kidato cha nne ninaowashonea sasa hivi. Bunge la bajeti linaanza mwezi wa nne. Naomba wizara yako itujibu kabla ya hapo, kwa maandishi na hadharani, mseme mnakubali lipi, mnakataa lipi na kwa sababu gani. Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, kama fomu ya mtoto wako ina haya niliyoyasema, mpelekee mbunge wako kopi yake kabla hajaondoka kwenda Dodoma.

Naomba kuwasilisha.

Mzazi na fundi cherehani,
Nzega, Tabora.